Papa Alipojifunza Kuongea na Watu Asiowaona

Ninyi mliokulia Kamina wakati mmoja na mimi, mnaikumbuka honi ya treni yetu? Haikuwa na saa. Ilikuja ilipoweza, wakati mwingine siku mbili baada ya ile tuliyoambiwa, lakini ikilia tu kule mbali mji mzima uliacha kazi. Mama zetu walifunika masufuria, sisi watoto tuliacha mchezo katikati tukakimbilia gare, kituo cha treni, miguu myekundu kwa vumbi mpaka magotini. Treni ilishusha magunia, mbuzi, askari, mabibi arusi, na ile harufu ya samaki wakavu wa Bukama iliyotutangulia nyumbani.

Na kwenye gare palikuwa na bibi yetu, Kambo Mwamba, mama ya baba yangu. Alikuwa mdogo wa umbo, kitambaa chake cheupe kichwani, fimbo mkononi. Kila abiria aliyeshuka kutoka kusini, Kambo alimsimamisha. "Mwanangu, ku treni hukukutana na Banza? Iko murefu. Iko na kovu hapa," akigusa kidevu chake. Watu walimjua. Walimjibu kwa upole kwamba hapana, Kambo, safari hii hatukumuona. Naye alishukuru, akamgeukia anayefuata.

Banza ni mdogo wake Papa, yaani baba yangu, na kitinda mimba wa Kambo. Wakati wa vita alipanda treni ya kusini, akasema anakwenda kutafuta maisha. Tulisikia yuko Zambia. Kisha mtu mmoja akasema alimwona anavuka kwenda Afrika Kusini. Baada ya hapo, kimya.

Sisi watoto tuliishi juu ya kimya hicho bila kukisikia sana, kwa sababu utoto una kazi nyingi. Tulikuwa na nzango, wasichana tumesimama ana kwa ana, tunapiga makofi, tunaruka na kutupa mguu mbele mpaka anayekosea anatoka. Tulikuwa na shule, na mwalimu aliyeweza kukurushia kipande cha chaki bila kugeuka kutoka ubaoni. Tulikuwa na munkoyo wa Mama, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, uliowekwa kwenye kivuli upate kuchacha kidogo, nasi tukapita pale mara kwa mara "kuangalia kama umekuwa tayari" mpaka nusu yake ikaisha. Watoto wa leo ukiwapa munkoyo wanauliza kwanza kama kuna wa chupa.

Basi mwaka mmoja, cyber, duka la intaneti, ikafunguliwa karibu na soko. Mnaikumbuka? Chumba kimoja kilichopakwa rangi ya buluu, antena kama sahani kubwa juu ya bati, na nje jenereta iliyonguruma mpaka wauza mafuta ya mawese wakahamisha meza zao. Ndani alikuwepo Mwamini, tuliyemwita Yaya kama tunavyomwita kaka au dada mkubwa, binti wa wafanyabiashara wa asili ya Maniema, wale jamaa waliokuwa na duka la vitambaa. Alikuwa amesoma Lubumbashi. Alivaa mtandio wa kijani, na alikuwa na subira ambayo mpaka leo sijaiona tena kwa mtu anayefundisha chochote.

Watu wengi walikwenda pale kuandika barua tu. Yaya Mwamini ndiye aliyewaonyesha kwamba kulikuwa na kitu kingine: vikundi vya majadiliano. Mtu anaandika swali, mwingine yuko nchi nyingine anajibu chini yake, wa tatu anajibu chini ya huyo, na mazungumzo yanashuka hivyo kwa majuma. Kulikuwa na vikundi vya wakulima, vya wapenda mpira, vya wagonjwa wa sukari, vya watu wa mji mmoja waliotawanyika.

Papa alisikia habari hiyo kwa jirani, akaja nayo nyumbani. Alikuwa amestaafu kazi ya reli, mtu wa kofia na maneno machache. Jumamosi moja alivaa suti yake ya misa, akanishika mkono, tukaenda.

"Papa, kule ndani kuko bantu," Yaya Mwamini alimwambia, akionyesha kioo cha kompyuta. "Hubaone, lakini beko."

"Beko fasi gani?"

"Fasi yote. Ulaya, Kinshasa, Afrika ya Kusini."

Papa aliinama akatazama nyuma ya mashine. Yaya Mwamini hakucheka. Alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Usianze kusema, Papa. Soma kwanza. Angalia bantu banaongea juu ya nini. Kisha uwasalimie, useme weye njo nani, uulize neno moja tu. Ukiuliza maneno kumi, hakuna mwenye kujibu hata moja."

Papa aliandika kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kana kwamba mtu ameificha makusudi. Alipomaliza jina lake, Yaya Mwamini alimgusa bega.

"Papa, uko unapiga makelele."

"Minyi? Sijafungua hata kinywa!"

"Herufi zote kubwa njo makelele. Benye kusoma watafikiri umekasirika."

Papa alitazama huku na huku kama mtu aliyekohoa kanisani, akaanza upya kwa herufi ndogo, polepole, kwa adabu.

Ijumaa iliyofuata alirudi peke yake, saa ambayo Yaya Mwamini alikuwa amekwenda kusali. Aliona kikundi kimoja cha lugha ya Kifaransa ambacho jina lake lilikuwa na neno "reli". Akafurahi. Banza alikulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Kama yuko mahali, si atakuwa hapo? Papa hakusoma kwanza. Aliandika habari yote: Banza, kovu, Kambo anavyouliza watu kwenye gare, afya ya Kambo, salamu kwa wote na familia zao. Akatuma.

Aliporudi kesho yake majibu yalikuwepo. Mmoja aliandika kwamba hapa tunazungumzia injini za treni, si ndugu waliopotea, soma kanuni kabla ya kuandika. Wa pili aliuliza kama huyu si mmoja wa wale matapeli wa mtandaoni wanaoanza na habari za mama mgonjwa.

Papa alivua miwani, akaifuta, akavaa kofia yake, akatoka. Nyumbani Mama alipakua bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, naye hakunawa mikono.

"Bamenifukuza sawa mwizi," alisema. "Mbele ya bantu bote."

"Bantu hata uso wao hauone," Mama alisema, "njo utakosa kula juu yao?"

Hakula. Sikuwahi kumwona Papa akikataa bukari kabla ya siku ile. Kambo alikuwa amekaa kwenye mkeka wake karibu na mlango, anachambua maharagwe.

Jumapili baada ya misa, Yaya Mwamini alikuja mwenyewe nyumbani kwetu na sahani ya vitumbua vya mama yake, imefunikwa kwa kitambaa. Alisalimia wakubwa mmoja mmoja, kisha akasema, "Papa, nimesoma yote. Ulikosa mulango, njo ile tu. Turudie, tuombe musamaha, kisha tuwaulize mulango muzuri uko wapi."

"Minyi niombe musamaha? Minyi mukubwa hivi? Kwa mutu ameniita mwizi?"

Hapo Kambo aliweka ungo chini. "Numbi," alimwita kwa jina lake, kama tunavyoitwa sisi watoto. "Enda."

Akaenda. Siku hiyo niliona kwa macho yangu alichoandika, kwa sababu Yaya Mwamini alimfanya akisome kwa sauti kabla ya kukituma: "Samahani. Mimi ni mgeni humu. Nimefanya kazi ya reli Kamina maisha yangu yote. Niliona neno reli nikadhani nimefika nyumbani. Kama hapa si mahali pake, naomba mnielekeze."

Aliyejibu kwanza alikuwa mwanamke wa Ubelgiji, jina lake Odile, mjane wa dereva wa treni. Aliandika kwamba aliingia kikundi kile baada ya mumewe kufa, ili asikie watu wakizungumza mambo ambayo mumewe alikuwa akimchosha nayo mezani. "Hata mimi siku ya kwanza nilikaripiwa," aliandika. "Usiondoke." Kisha akamweleza Papa kikundi cha Wakongo wanaoishi kusini mwa Afrika kiko wapi, namna ya kujiandikisha, abonyeze wapi, na kwamba asiweke hadharani habari zote za nyumba yake. Hata yule aliyemshuku kuwa tapeli alirudi. Hakuomba msamaha moja kwa moja. Aliuliza tu, kwa aibu fulani, ni injini za aina gani zilikuwa zikipita Kamina zamani. Papa akamjibu kurasa nzima, na siku hiyo alikula.

Kwenye kikundi kipya Yaya Mwamini alimfundisha kuandika kichwa cha habari kinachosema jambo lenyewe: "Namtafuta Banza wa Kamina, mwenye kovu kidevuni." Maneno machache chini yake, basi. Tukangoja. Walijibu watu waliotaka kusalimia tu kwa sababu wamesikia jina la Kamina. Akajibu mtu anayeuza magari. Papa aliwashukuru wote, hata wa magari.

Majuma yakapita. Ndipo mama mmoja wa Durban akaandika kwamba mtaani kwao kuna Banza anayetengeneza friji, mrefu, mpole, hasemi sana habari za kwao. Kovu hajalitazama, atatazama.

Na Jumamosi iliyofuata tulikuta maandishi haya: "Yaya Numbi, ni mimi. Mtu wa kwetu aliniambia Mama amekufa wakati wa vita. Nililia kilio chake huku peke yangu. Baada ya hapo sikuona tena wa kumwandikia."

Papa alisoma, akarudia kusoma. Mwisho alimwambia Yaya Mwamini, "Mwanangu, andika weye. Andika: Mama iko. Anakuulizaka ku treni."

Yaya Mwamini aliandika huku mtandio wake ukiwa umelowa machozi. Nje jenereta iliendelea kunguruma, na mimi nilisimama pale nikifikiri watu wazima wote wameshapata wazimu, wanalia kwa habari nzuri.

Banza alituma namba ya simu. Kambo tulimpeleka uani kwa cyber, palipokuwa na mtandao mzuri, akashika simu kichwa chini. Papa akaigeuza.

"Banza? Njo weye?" Tulisikia sauti ya mwanamume akilia upande wa pili. Kambo hakulia. "Unakulaka nini kule?"

"Bukari, Mama."

"Nani anakupikia?"

"Minyi mwenyewe."

Kambo alimrudishia Papa simu. "Iko muzima," alitutangazia. "Lakini iko na njaa."

Banza alikuja kiangazi kilichofuata. Treni ilichelewa, kama kawaida yake, na tulipoisikia ikilia Kambo alikuwa amesimama gare tangu asubuhi, amekataa kiti. Macho yake wakati huo yalikuwa yamefifia. Watu walishuka wakisukumana, na yeye, kwa mazoea, akamsimamisha mwanamume wa kwanza aliyempita karibu.

"Mwanangu, ku treni hukukutana na Banza?"

Yule mwanamume aliweka begi chini. Alipiga magoti kwenye vumbi, akachukua mkono wa Kambo, akauweka kidevuni pake. Kambo alipapasa. Alipapasa muda mrefu, uso mzima, masikio, shingo, kama anayetafuta kama kuna kilichopungua. "Umekonda," alimwambia. Nami nawaambia, wasafiri wa treni ile walisahau mizigo yao.

Alikaa nasi msimu mzima, akarudi Durban kwa kazi yake, akawa anapiga simu kila Jumapili mpaka Kambo alipotutoka, amezeeka vizuri, katika usingizi. Papa alimwandikia Odile habari ya msiba. Wale wapenda treni, watu ambao hatukuwahi kuwaona, walileta rambirambi zao mmoja chini ya mwingine, na Papa alizisoma zote kwa sauti mbele ya watu wa kilio, akiwatafsiria kutoka Kifaransa: huyu yuko Ubelgiji, huyu Uswisi, huyu ndiye aliyeniita mwizi.

Papa aliendelea kwenda cyber kila Jumamosi kwa miaka. Mgeni akiandika mahali pasipo pake, Papa alikuwa wa kwanza kumjibu kwa kidole chake kimoja: karibu, keti kwanza, soma, kisha tuambie unatafuta nini. Baadaye simu ziliingia kila mfuko. Wenye vikundi wakapungua, Odile akanyamaza, Yaya Mwamini akaolewa Kindu. Chumba cha buluu sasa wanauza vocha na vifuniko vya simu, na rangi yenyewe wameifuta.

Watoto wangu hunicheka nikiwahadithia. Kungoja juma zima kwa jibu moja? Wao wana makundi kwenye simu hata hawajui idadi yake: la darasa, la kwaya, la ukoo, la mpira. Ujumbe unaingia kabla hujameza tonge. Wakichoka na mtu wanamtoa kwa kidole, na hawakumbuki jina lake jioni ile ile. Siwalaumu. Wamezaliwa mlango ukiwa wazi, hawajui kubisha hodi.

Juzi rafiki mmoja aliniingiza katika kundi la tuliosoma pamoja. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Nilisoma kwanza yaliyoandikwa, kisha nikasalimia, nikasema mimi ni nani, binti wa nani, nilikaa dawati gani. Nikangoja. Picha zikapita, vichekesho vikapita, tangazo la mtu anayeuza kiwanja likapita. Salamu yangu ilipanda juu, ikapotea bila jibu. Nikaweka simu mezani, nikaenda jikoni kusonga bukari.