Kocha alimuuliza mwanangu kuhusu mkono wake, nikajibu mimi

Wakuu, amani kwenu popote mlipo. Mimi ni mzee, umri wa kutunga hadithi umenipita. Nitaeleza kama ilivyokuwa.

Siku ya mechi ya mwisho ya msimu, kocha wa timu ya chuo alimuuliza mwanangu kama mkono wake uko sawa. Mwanangu akanitazama. Nikajibu mimi: "He's fine, coach."

Natamani ningefunga mdomo.

Niwarudishe nyuma kidogo.

Naishi Quakers Hill, huku magharibi mwa Sydney. Kwa asili ni Mrundi, ila sekondari nilisomea kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu ni cha Tanzania. Elia ni kitinda mimba wangu. Alifika huku mdogo kabisa. Kiswahili anakielewa vizuri, lakini anajibu kwa English.

Alipoingia chuo akajiunga na timu ya besiboli. Najua wengi humu hamuujui huu mchezo, hata mimi sikuujua. Kwa kifupi, mmoja anarusha mpira, mwingine anajaribu kuupiga kwa gongo. Elia alikuwa mrushaji. Timu nzima inamtegemea mtu huyo.

Mechi ya kwanza nilikwenda na rafiki yangu Papa Zabroni, Mkongo anayeishi Merrylands, huku huku Sydney. Tukakaa kwenye viti vyetu vya kukunja. Alitazama weee, mwisho akaniuliza, "Papa Elia, hii ni mchezo ao ni réunion? Batu banasimama tu."

Nikamwambia si mkutano, asubiri.

Elia akarusha. Mpigaji akapiga hewa.

Zabroni akavua kofia. "Ah. Huyu mutoto iko na bunduki."

Msimu ukaenda hivyo. Timu iliyozoea kufungwa na kila mtu ikaanza kushinda. Kocha alikuwa mtu makini, kila Elia akirusha sana alimpumzisha, hata kama timu inazidiwa. Mimi nilidhani anamdekeza.

Ikabaki mechi moja. Wakishinda wanakwenda mashindano ya taifa.

Hapo ndipo nilipoingiza ujinga wangu. Jumapili, kanisani kwetu Mount Druitt, wakati wa matangazo nilisimama nikaalika watu wote waje kumwona mwanangu. Wakanipigia makofi. Nilikaa chini nikiwa mtu mkubwa.

Katikati ya wiki Elia akaniambia, "Dad, my elbow's sore." Nilikuwa naangalia taarifa ya habari. Nikamwambia amwombe mama yake amkande kiwiko kwa maji ya moto.

Siku ya mechi watu wakaja kweli. Magari yamejaa, kina mama na masufuria ya sombe, yaani kisamvu, vijana wakashusha ngoma. Wazungu wakasogeza viti vyao kutupisha.

Kocha alikuwa ameona jinsi Elia anavyokunja na kukunjua mkono. Akatufuata tuliposimama. "You right, mate? I can start someone else."

Alikuwa na mrushaji mwingine tayari. Hakuna ambaye angelaumiwa.

Kwetu kijana akiulizwa jambo mbele ya baba yake, baba ndiye anayejibu. Kocha hakulijua hilo. Yeye aliona kijana mkubwa aliyenyamaza, akachukulia kwamba amekubali.

Na mimi wakati huo nilikuwa natazama masufuria. Nawaza, hawa wageni nitawaambia nini.

Mwanzoni alirusha vizuri. Kisha mpira mmoja ukaenda pembeni kabisa, ukagonga wavu wa uzio. Elia akashika kiwiko, akachuchumaa.

Watu wetu mchezo hawaujui. Waliona mpira umeruka na wavu umetikisika, wakajua ni ushindi. Ngoma zikalia, vigelegele. Mwanangu amechuchumaa pale katikati, sisi tunamshangilia.

Mama Elia ndiye aliyekwenda kushika mikono ya mpiga ngoma.

Mrushaji mwingine akamalizia, timu ikashinda. Taifa walikwenda bila Elia. Kano ya kiwiko ilikuwa imekatika. Akafanyiwa upasuaji, physio miezi na miezi, hakurudi kurusha tena. Sasa anafanya kazi warehouse na amepanga chumba Merrylands.

Kocha alikuja nyumbani kuomba msamaha. "I should've asked him on his own," alisema. Nikampa chai, nikaupokea msamaha wake. Sikumwambia kwamba mimi nilikuwa nimeshaambiwa kuhusu kile kiwiko. Hilo nalo ni langu.

Elia hajawahi kunilaumu.

Wakuu wenye watoto, hasa mlio ughaibuni: mtoto akiulizwa habari za mwili wake, mwacheni ajibu mwenyewe. Wageni watakula, watarudi makwao. Na kama wewe ni kijana na mzee wako alikujibia hivyo, niandikie hapa chini ulimsamehe vipi, au kama hukumsamehe. Nitasoma zote, hata za kunisema.

Majuzi mama yake aliniambia kwamba baridi ikiingia kiwiko kinamsumbua sana, hata kubeba maboksi kazini anabadilisha mkono. Nikampigia. Nikamuuliza, mkono vipi?

"It's fine, Dad."

Mama yake anaambiwa ukweli. Jibu langu la siku ile lilinigharimu hiki: mwanangu akiumwa, mimi haniambii.