Siku Walipomkemea Musyoka

Chekeni tu, maana mimi mwenyewe nimejicheka miaka hii yote, na hadi leo nikipita pale nyuma ya nyumba za walimu, Mutomo, huwa naongeza mwendo.

Nilikuwa mwalimu mgeni, sijaolewa, na Musyoka alikuwa bwana mifugo, mtu wa pikipiki ya serikali na kaptula nyeupe, ambaye kila Jumamosi alicheza tenisi kwenye kiwanja cha murram, ule udongo mwekundu wa barabarani, karibu na ofisi yao. Mwenzake wa kucheza naye akahamishwa. Jioni moja Musyoka akaniambia, "Mwalimu, wewe jifunze ku-serve tu, kurusha mpira juu na kuupiga, Jumamosi tucheze pamoja," akanipa raketi kuukuu na mpira mmoja, nami (ambaye hata basi sikuwahi kulikimbilia) nikamwambia hiyo ni kazi ndogo. Jamani, niliitamani ile Jumamosi mpaka chakula hakipiti.

Mpira ulipotea siku hiyo hiyo, ukaingia kwenye miiba, basi. Kumwomba mwingine niliona haya, nikaamua nitajizoeza hivyo hivyo bila mpira, na raketi nikaiacha ndani nyuzi zisije zikakatika, kwani si mkono ndio unaojifunza? Hapo ndipo nilipojichongea. Kila jioni nikawa nasimama uani peke yangu, natazama mbinguni, narusha hewa kwa mkono wa kushoto, naipiga kwa wa kulia, natoa na sauti "Haaa!" kama anavyofanya Musyoka, kisha nakigombeza kiwiko changu kilichozoea chaki: "Panda! Nimesema panda!"

Ijumaa kina mama wa fellowship wakapita wakitoka maombi.

"Aii, Ngai! Mwalimu ameshikwa!" akasema Mama Kavindu, kiongozi wao, mwanamke ambaye akianza kuomba hata kuku hunyamaza. Kabla sijashusha mkono walikuwa wamenizunguka, huyu kashika kichwa, yule kifua. Ningesema neno moja tu, tenisi, yakaisha. Lakini wangeuliza tenisi na nani, na huyo nani alikuwa bado hajaniambia lolote la maana, kwa hiyo nikanyamaza.

"Hii pepo ni bubu!" akasema mmoja.

"Itasema," akajibu Mama Kavindu. "Wewe roho, taja jina yako!"

Wakati huo huo pikipiki ikazima pale uani. Alikuwa Musyoka, amekuja kuuliza kama kesho niko tayari, na mkononi ameshika mpira mpya. Nikamwona juu ya vilemba vya kina mama, nikamwita kwa nguvu zangu zote aje aniokoe: "Musyoka!"

"Imesema! Inaitwa Musyoka!" Mama Kavindu akaruka. "Musyoka, toka! Wachana na mtoto wa watu! Toka na usirudi!"

Wote wakaitikia toka, toka, nami nikawa napiga kelele "Hapana, asitoke!" (jambo ambalo pepo yeyote mwenye akili angesema). Nilipofaulu kugeuza kichwa nikaona mpira umewekwa juu ya nguzo ya ua, naye Musyoka amenipa mgongo, anasukuma pikipiki bila hata kuiwasha.

Jumamosi sikwenda kiwanjani, nilijifunika blanketi. Iliyofuata vilevile, nikingoja watu wasahau kwanza, na watu wenyewe hawakusahau, hata watoto wa darasa langu walikuwa wakinong'onezana "toka!" nikiwapa mgongo kuandika ubaoni. Nilipopata moyo wa kwenda kumweleza, ofisini wakaniambia ameshahamia Malili.

Mama Kavindu alishuhudia kanisani jinsi pepo alivyonitoka, nami nikaitikia amina, machozi yakinitoka, wakadhani ni ya furaha.

Niliapa tangu siku ile: sipigi hewa tena. Ukimtaka mtu mwambie mwenyewe, tena mapema, kabla majirani hawajakuombea. Ule mpira ninao bado, haujapigwa hata mara moja. Musyoka kwa Kikamba ni yule anayerudi, na mimi ni Mkamba, nimeshindwa kuutupa.