Suti ya Kulia Melini

Symphorien alikuwa mtu wa kuudhi. Naanza na hilo kwa sababu mtu akishafariki kila mmoja humgeuza malaika, na mimi sitaki kumgeuza. Alikuwa karani wa bohari katika kampuni moja ya vipuri hapa Lubumbashi, enzi hizo mji bado unaitwa Elisabethville. Alikuwa Mluba wa Kasai, aliyeletwa hapa na wazazi wake akiwa bado anabebwa mgongoni. Alisema Kifaransa hata na mbuzi. Akija kwangu kushonesha hakusema suruali inabana. Alikaa kwenye kigoda changu, akakunja nne, akanieleza jinsi suruali inavyotakiwa kuangukia kiatu, mimi niliyeanza kushona suruali yeye hajajua kufunga kamba za viatu.

Mimi ni Bwalya, fundi cherehani wa mtaa wa Kenya hapa hapa mjini, asili yangu upande wa Mokambo, huku huku Katanga. Tulikuwa marafiki kwa miaka kumi na moja, na mpaka leo sijui tulipatana kwa lipi.

Mwaka hamsini na tatu wazungu walimpa ile kadi waliyowapa weusi waliowaona wamestaarabika. Haikutolewa hivi hivi. Watu watatu walifika nyumbani kwake Katuba, wakafunua sufuria, wakachungulia choo, wakamuuliza mkewe Clotilde uma zinawekwa wapi na kama watoto wanalala kwenye shuka. Clotilde aliniambia kwamba walipoondoka aliziosha upya sufuria zote. Symphorien hakuona tusi lolote. Mwenye kadi ile polisi hakumsumbua usiku wala hakuchapwa viboko, na yeye aliiweka mfuko wa kifuani, akawa anaigusa kila mara kama mtu mwenye jino bovu.

Miaka miwili baadaye alichukua likizo, akaenda Léopoldville na mkewe na binti yao Léonie, aliyekuwa na miaka sita. Kwa kadi yake akapata nafasi ya daraja la kwanza katika meli ya mtoni kutoka Port-Francqui. Jioni ya kwanza akaingia chumba cha kulia amevaa kaki safi aliyoipiga pasi mwenyewe. Mlangoni akazuiwa na mhudumu, mweusi mwenzake aliyevaa glavu nyeupe: hapa chakula cha jioni huliwa kwa suti nyeusi na tai. Wazungu wakainua vichwa kutoka kwenye supu. Akageuka, mkewe nyuma yake, na yule mtoto akauliza kwa sauti ya kusikika meza zote, "Papa, shiye tutakula wapi?" Siku nne walikula mkate chumbani. Alinisimulia habari hiyo mara moja tu, na muda wote aliangalia cherehani, si mimi.

Aliporudi akaniletea kitambaa cheusi. Nilikishona wiki tatu. Kola niliifanya kwa mkono, mabega niliyafumua mara mbili nikayarudia, na nasema bila aibu kwamba sijawahi kushona suti nyingine kama ile. Aliivaa kwenye harusi mbili na mazishi mamoja, na kila mara akiirudisha kwangu niipige pasi, kwa sababu hakuamini pasi ya Clotilde. Ndiyo maana ilikuwa kabatini mwangu mambo yalipoharibika.

Yaliharibika polepole, kisha yakaharibika kwa siku moja. Katanga ilijitangazia uhuru wake mwaka sitini, na mwaka uliofuata Waluba wakawa maadui ndani ya mji walioujenga. Nyumba zilichomwa. Watu kwa maelfu wakakimbilia kwenye mahema ya askari wa Umoja wa Mataifa nje ya mji, na hapo ikaota kambi ya magunia na mabati. Symphorien aliondoka Katuba ndani ya saa moja, yeye na mkewe na watoto wanne, godoro moja na sufuria. Walikaa kule miezi tisa. Mtoto wao wa mwisho alikufa kwa surua, akazikwa palepale kambini.

Sikwenda kumzika. Vijana wa kambini nao walikuwa na mapanga yao, na watu wa upande wetu walioingia kule si wote waliotoka. Niliogopa, basi. Sina maelezo mengine.

Mwaka sitini na mbili Umoja wa Mataifa ukaanza kuwarudisha Kasai kwa gari-moshi. Hapo ikafika barua ya Désiré, kaka yake Clotilde aliyekuwa Léopoldville: kazi imepatikana, wakifika Kasai waende Port-Francqui wapande meli, nafasi zao zimeshashikwa, daraja la kwanza. Na Symphorien, mtu aliyekuwa akipanga foleni kungoja kikombe cha unga, akawaza jambo moja tu. Atavaa nini wakati wa chakula cha jioni.

Haya nayajua kwa Kunda. Kunda alikuwa mama Mlamba, kabila la wenyeji wa huku, aliyeuza makaa kando ya barabara ya kambi, na pande zote mbili zilimwacha apite kwa sababu kila mtu anapika. Ugomvi wa mke na mume aliusikia kwa masikio yake, akiwa amekaa mlangoni pao na gunia lake.

"Bazungu balishaenda," Clotilde alisema. "Nani tena ataangalia kola yako? Bantu beko nakufa, weye uko nawaza costume!"

"Njo sababu balienda," Symphorien akamjibu. "Sasa ile meza ni yetu. Sitaikala pale na kaputula kama boyi. Léonie aliniona vile balinifukuza. Anapashwa kuniona nakula pale."

"Léonie anapashwa kukuona muzima."

Clotilde alimjua mumewe: angeifuata tu suti kwangu. Asubuhi ya Jumatatu, gari-moshi lao likiwa la Ijumaa, akamfuata Kunda barabarani, na Kunda akaja moja kwa moja dukani kwangu, uso umejaa vumbi la makaa.

"Mama Clotilde anasema: bwana yake akikuya apa, umuambie costume balishaiiba. Usimupatie. Anasema tafazali, weye njo rafiki yake."

"Umuambie nimesikia," nikamjibu.

Nilikuwa nimesikia kweli. Jumatatu nzima na Jumanne nilijizoeza uongo huo nikiwa nakanyaga cherehani. Niliupamba hata: wezi walivunja dirisha, walichukua na kitambaa cha bibi-arusi fulani, mimi mwenyewe nimelia.

Jumatano adhuhuri mtu alisimama mlangoni. Nilidhani ni mpagazi wa sokoni. Kaptula ya gunia la unga, shati limechanika bega, miguu mitupu, mifupa ya shingo imetoka nje. Alikuwa amevuka vizuizi viwili vya barabarani vilivyowekwa na vijana wa upande wetu, na hakuna aliyemuuliza hata jina, maana hakuna anayemtazama mtu wa namna ile.

"Tailleur," akasema, neno lake la siku zote la kuniita fundi, "ile costume yangu iko?"

Nikamwambia akae. Akakitazama kile kigoda alichokuwa akikikalia kama kiti cha enzi, akasema hapana, atakichafua. Akabaki wima. Miaka kumi na moja nilitamani siku moja tu Symphorien ashushe mabega, na sasa alikuwa ameyashusha mbele yangu, na sikuweza kustahimili. Nikafungua kabati.

Alioga uani kwa beseni. Alipoivaa ilimpwaya, angeweza kuingia na mtu mwingine ndani. Basi nikafanya kazi. Nikapunguza kiuno, nikashika mgongo kwa mishono ya haraka, nikamfunga tai ya mwanangu, nikampa viatu vyangu vya kanisani. Nusu saa nzima nilikuwa na furaha, na hilo ndilo nisilojisamehe. Kadiri nilivyochoma sindano ndivyo Symphorien alivyorudi, kwanza kidevu, kisha Kifaransa. Akaniambia mkono wa kushoto umezidi kidogo. Nikacheka, nikaurekebisha.

"Sasa utoe," nikamwambia. "Nitaikunja muzuri mu saki, utabeba ku kichwa."

"Kutoa? Hapana. Itakunjamana." Akagusa mfuko wa kifuani, akaiweka humo ile kadi, aliyokuja nayo imefungwa kwenye kitambaa. "Na hii nguo na hii carte, mu hii ville hakuna alinisimamishaka ata siku moya. Police habagusake muntu mwenye kuvaa muzuri. Ule mwenye kaputula njo banapiga."

Alikuwa anasema kweli ya mji mwingine. Yeye alikaa miezi tisa nyuma ya waya; mimi nilikuwa hapa. Mimi ndiye niliyejua kwamba polisi wale hawapo tena, na kwamba vijana wa vizuizi hawajui kusoma kadi lakini suti wanaisoma vizuri sana. Mweusi mwenye tai na mwendo ule, walisema, ni karani wa Kasai, aliyekula kazi za baba zetu. Neno moja lingetosha. Suti hukunjwa, nimewafundisha wanagenzi wangu wote jinsi ya kuikunja isipate hata mstari.

Lakini nilikuwa nimerudi nyuma hatua mbili, natazama mabega. Yalikuwa yamekaa sawasawa. Na moyoni nikawaza, acha watu waione.

"Baba Léonie," nikamwambia, "unafanana minister."

Akanishika mkono kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatoka. Nilisimama mlangoni nikamsindikiza kwa macho mpaka kona ya duka la mkate. Watu walimgeukia. Mwanamke mmoja alimpisha njia. Niliona fahari, Mungu anisamehe, niliona fahari kubwa.

Sikuwa nimeokota hata vipande vya nyuzi Kunda alipoingia. Makaa yake alikuwa ameyatupa njiani. Alisema ni kwenye kizuizi cha pili. Vijana walimsalimu Symphorien kwa Kibemba, naye akawajibu kwa Kifaransa, akawaambia wasogee, kisha akatoa kadi akawanyooshea. Mmoja aliishika juu chini. Yaliyofuata Kunda alinieleza yote, na sitayaandika. Naandika tu kwamba aliita jina la Léonie, na kwamba askari wa Umoja wa Mataifa walipofika hapakuwa na wa kumwokoa.

"Shi nilikuletea neno?" Kunda akaniuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu asiyeelewa. "Shi uliniambia umesikia?"

Nikamwambia Symphorien aliikuta suti mwenyewe, alininyang'anya, nilimzuia. Akaniamini, akakaa chini akalia. Tangu hapo hakuthubutu kuipita tena barabara ile ya kambi.

Ijumaa nilikwenda. Njia ile niliyoiogopa miezi tisa niliipita asubuhi moja, na vijana wa kambini waliponizingira langoni nikasema namtafuta Mama Clotilde, mjane. Wakanifikisha mpaka penye mabehewa. Alikuwa amesimama kwenye foleni na watoto watatu. Léonie, msichana wa miaka kumi na tatu sasa, amebeba sufuria kichwani na hatazami mtu. Afisa alisoma majina kwenye orodha. Aliposoma la Symphorien, Clotilde alisema, "Haiko," na afisa akapiga mstari.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimejiandaa hata kwa makofi. Hakunitukana. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu.

"Baba Bwalya," akasema, "niambie kitu kimoya tu. Kunda alikufikishia neno yangu?"

Watu walikuwa wanasukumana kupanda. Léonie aligeuza shingo, sufuria ikiwa palepale kichwani, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Hapana," nikasema. "Sikupata neno."

Ulinitoka kirahisi, uongo huo, na sikuwa nimejizoeza hata kidogo.

Clotilde akatikisa kichwa taratibu. "Nilijua," akasema. "Ule mama wa makaa. Nilimubembeleza, nilimushika ku miguu. Mungu atamulipa." Kisha akanishukuru kwa kuja, akanishukuru kwa viatu vyangu alivyovikuta miguuni mwa mumewe, akapandisha watoto mmoja mmoja. Gari-moshi liliondoka kabla ya saa nne.

Kama walipanda ile meli sijui. Sikuandika barua na sikuandikiwa. Kunda aliendelea kuniletea makaa miaka saba, mpaka kifua kilipomwangusha, na hakuacha kuniuliza kama nimepata habari za Mama Clotilde. Nilimwambia anamsalimu sana, na kwamba hajasahau wema wake. Alifurahi kila mara. Kule Kasai, kama Clotilde bado yu hai, anamlaani.