Nilipandisha Maji Mlimani

Kosa ni langu, na simtafuti wa kugawana naye. Nalisema mapema kwa sababu najijua: nikianza na maelezo, nitakapofika mwisho nitakuwa nimeshajisamehe.

Sikusomea maji. Sikusomea chochote baada ya kidato cha nne. Nina duka dogo la kuchapa na kutoa nakala hapa Njoro, Moshi mjini, na karibu kila ninachokijua kuhusu dunia nimekisoma kwenye simu kati ya mteja mmoja na mwingine. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuusukuma mara tatu. Nikimchapia mtu barua naihakiki mpaka mwenyewe anaanza kuguna.

Miaka saba iliyopita nilisoma kuhusu radoni. Ni gesi inayotoka kwenye miamba. Haionekani wala hainuki. Hupenya kwenye nyufa za sakafu za nyumba za zamani, huweza kuingia hata kwenye maji ya ardhini, na ukiivuta kwa miaka mingi inaweza kukuletea saratani ya mapafu. Kwa mtu kama mimi hiyo ni zawadi: kitu cha kuogopa ambacho huwezi kukiangalia ukahakikisha hakipo.

Bibi yangu, mama yake mama, anaishi Mwika, kwenye nyumba ya mawe aliyoijenga babu. Sakafu ina nyufa za kuingiza kidole. Maji yake ya kunywa yanatoka kwenye chemchemi huko juu, yanashuka kwa mfongo, ule mfereji wetu wa kienyeji, mpaka nyuma ya migomba yake. Nyumba ya zamani, nyufa, mwamba, maji. Niliona kama makala ile imeandikwa na mtu aliyewahi kulala kwa Bibi.

Na kwa Bibi alikuwepo Manka, mtoto wa dada yangu. Dada alikuwa amepata kazi Dodoma, akamwacha kwa Bibi akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili.

Nilitafuta kipimo cha radoni, nikakosa. Mwenye akili angesema: sijapima, kwa hiyo sijui. Mimi nilisema: sijapima, kwa hiyo ipo.

Jumamosi nikapanda Mwika.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona leo umeniletea saruji? Mkate uko wapi?"

Nikaziba nyufa zote. Nilipomaliza nikageukia maji.

"Bibi, haya maji yanatoka kwenye mwamba. Yanaweza kuwa na gesi."

"Gesi ya kupikia?"

"Ya saratani."

Bibi alichota kwa kata, akanywa taratibu huku ananitazama. "Mama yangu aliyanywa mpaka akasahau umri wake. Hiyo gesi ilikuwa inasubiri nini?"

Sikucheka. Tayari nilikuwa nimepata maji mengine. Kule tambarare, chini kabisa ya barabara kuu, kulikuwa na mtu mwenye kisima kirefu cha pampu, anauza maji meupe kama kioo. Niliyapima. Rafiki yangu anayesafisha bwawa la kuogelea la hoteli moja alinipa vijiti vyake vya kupimia, nikavichovya, na rangi zote zikatoka vizuri. Nilifurahi sana. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba vijiti vile vilithibitisha jambo moja tu: Manka angeweza kuogelea humo.

Jirani yake Bibi, Baba Glory, alikuwa akishusha ndizi sokoni kwa pikapu na kurudi bila mzigo. Nikamwomba abebe madumu manne kila wiki.

"Dada," aliniuliza siku ya kwanza, "unajua kwamba maji hushuka?"

"Najua."

"Na unajua kwamba huku tunakoyapeleka ndiko yanakotoka?"

"Baba Glory, wewe pakia tu."

"Napakia. Ila nikiulizwa njiani nitasema ni mafuta ya taa. Nina heshima yangu pale kijiweni."

Bibi alijaribu mara moja tu. Alisema maji ya chini yanaharibu meno, kwamba enzi zao akija mgeni kutoka tambarare walimjua akicheka tu. Nikamjibu kwamba hao ni watu wasiopiga mswaki. Niliyasema hayo kwa upole, kama mwalimu. Kisha nikaongeza sentensi ambayo ningelipa chochote kuirudisha mdomoni:

"Ukimpa Manka maji ya mfongo akaja kupata saratani, usiseme hukuambiwa."

Bibi akainuka akaenda kuosha ndoo. Nikadhani ameelewa.

Kwa miaka mitatu na zaidi, Manka alikunywa maji yangu. Nilimfundisha Bibi kuyachemsha dakika ishirini kwa saa ya ukutani. Nilichapa lebo, MAJI YA MANKA, nikaifunika plastiki kama kitambulisho na kuibandika kwenye ndoo yenye mfuniko. Uji wake ulipikwa kwa maji hayo, chai yake pia. Mimi huku Njoro nilikunywa ya bomba, na sikujiuliza hata siku moja yanatoka wapi. Yanatoka mlimani, kwenye chemchemi. Yaani mimi niliyekuwa chini nilikunywa maji ya juu, na mtoto aliyekuwa juu nilimnywesha ya chini, na kati yetu wote mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu.

Dada akaja kumchukua mtoto aanze chekechea Dodoma, na madumu yakaisha hapo.

Mwaka jana walihamia Moshi. Sasa Manka ana miaka minane. Meno ya utotoni ya mbele yameshang'oka na mapya yameota. Yameota na michirizi myeupe kama chaki, na katikati ya yale mawili makubwa ya juu kuna madoa ya kahawia. Tukampeleka kwa daktari wa meno. Aliangalia muda mfupi tu.

"Huyu amekulia tambarare?"

"Hapana daktari," dada alisema. "Mwika."

"Mwika? Meno haya huko sijazoea kuyaona. Alikuwa anakunywa maji gani?"

Dada aligeuka akanitazama.

Daktari alitueleza bila kutukemea. Ni madini ya floraidi. Kidogo husaidia meno, yakizidi huliharibu jino likiwa bado linajengwa ndani ya fizi, na yale ya mbele hujengwa katika miaka ileile niliyokuwa nikilipia madumu. Kuchemsha hakuyaondoi. Maji hupungua, madini hubaki. Dakika zangu ishirini zilikuwa zinayakoleza.

Wiki hiyo fundi mmoja wa maji alikuja dukani kutoa nakala. Nikamuuliza kuhusu radoni, nikijifanya ni habari ya mtu mwingine. Akasema maji yanayoporomoka hewani kwenye mfereji hupoteza sehemu kubwa ya gesi hiyo njiani. Ukitaka kuitafuta, anza na yanayovutwa kutoka chini sana na kuingia moja kwa moja kwenye dumu.

"Huyo mtu wako alipima?"

"Hakupima."

"Sasa alikuwa anakimbia nini?"

Nilimrudishia chenji yake.

Nikapanda Mwika kuomba radhi. Bibi alinisikiliza akiwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa.

"Yale maji mimi sikuyanywa hata siku moja," alisema. "Nilikuwa nanywa ya mfongo ukishaondoka."

"Sasa kwa nini ulimpa Manka?"

"Ulinitia hofu, mwanangu. Mwili wangu ni wangu, naweza kubishana na wewe juu yake. Huyu ni mtoto niliyeachiwa. Ningempa ya mfongo akaugua, ningemwambia nini mama yake? Kwamba mjukuu wangu aliyesoma alinionya, nikakataa?"

Akaendelea kumenya. Alijua. Kwa miaka mitatu alichemsha kitu asichokiamini, kwa ajili yangu, na sasa ananisaidia kubeba lawama ambayo haikuwa yake.

Dada anazungumza nami, lakini kwa sentensi fupi. Shuleni wanamwita Manka Kahawa. Amejifunza kucheka akiwa amefunika mdomo, na anapiga mswaki mara tano kwa siku. Jumapili iliyopita nilimkuta nyuma ya nyumba anatema povu lenye damu.

"Mamdogo, nikizidisha yatatoka?"

"Hapana, Manka. Si uchafu. Ni maji niliyokuletea ulipokuwa mdogo."

"Kwa nini uliniletea?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Nilitaka kusema gesi. Sijui kama ile gesi ilikuwepo. Mpaka leo hakuna aliyepima.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma usiku na mchana kwenye simu kama mimi, msikieni mwenzenu. Sisemi hatari hazipo. Hata maji ya mfongo si malaika, ng'ombe hupita humo, yachemsheni. Lakini kabla hujamhamisha mtu kwenye maji yake, peleka yote mawili yakapimwe na wenye kazi hiyo, na uulize wanapima nini na hawapimi nini. Ukikosa wa kupima, sema hujui, ukae na kutojua kwako. Usimtwishe mtoto.

Daktari anasema Manka akikua kidogo yale madoa yanaweza kufunikwa. Nilimwambia hivyo. Akauliza atakuwa mkubwa lini, kisha akarudi kupiga mswaki, safari hii taratibu, kwa sababu nilimwomba.