Upande wa Juu wa Mti

Nguvu ya shoka haitoki mkononi. Baba alinifundisha hilo uani kwetu, nikizungusha mchi wa kinu badala ya shoka, majirani wakipita na kunitania, mwanamume mwenye mchi, kama nimeshapata mume. Yeye alikuwa mkata miti tangu enzi za Mwingereza, mpaka mgongo ulipomgomea. Tanua miguu, alisema. Uzito uanzie mguu wa nyuma, kiuno kizunguke kwanza, mikono ifuate, na mkono wa juu uteleze kwenye mpini ukutane na mwenzake. Jicho lisitoke pale unapotaka kukata. Anayekaza mabega huchoka kabla ya mti.

La mwisho alilirudia mpaka nikaudhika: usisimame upande wa chini. Sisi Washambaa tunalima miteremko tukiwa tumesimama chini, uso ukielekea mlimani, na mwili huzoea hivyo tangu utotoni. Ukishika shoka, miguu inakwenda yenyewe mahali pa jembe. Lakini mti ukianguka, shina huruka kutoka kwenye kisiki na kuporomokea upande wa chini.

Miaka ile ya Ujamaa, kambi moja ya kukata miti karibu na Magamba ilitaka mtu mmoja wa kudumu. Mchujo ukatubakiza wawili, mimi na jirani yangu, ambaye nilipata naye kipaimara Jumapili moja. Nyapara alikuwa mtu wa Tanga asiyependa maneno mengi. Akatupa kila mmoja msonobari wake pale mteremkoni, akachomeka kigingi pembeni ya kila mti.

“Laza mti juu ya kigingi,” alisema. “Atakayelaza vizuri, kazi yake.” Akaenda kukaa mbali, akawasha sigara.

Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Baba alikuwa hainuki bila kushikwa, na shamba letu lilikuwa limechoka kama yeye.

Jirani yangu akatemea mate viganjani, akaenda kusimama upande wa chini.

Nilimwona. Shoka langu lilikuwa bado begani, na neno moja tu lingetosha. Nikajiambia nyapara atamwona, ndiyo kazi yake. Nikajiambia anayekosea kusimama atakosea na kulaza, na hilo ndilo nililolitaka. Nikazungusha kiuno, nikapiga.

Halikuwa pigo zuri. Mabega yalikuwa yamekaza, mpini ukanitetemesha mpaka kwenye meno. Yeye alikuwa anapiga vizuri, kwa mwendo ule ule, vibanzi vinene vikiruka. Nilimwonea wivu, na kila nilipoinua shoka niliitazama miguu yake badala ya pale ninapokata. Ilikuwa pale pale, chini. Nikaendelea kunyamaza.

Mti wake ulianza kulia kabla ya wangu. Hapo ndipo nilipomwita kwa Kishambaa, kwa sauti yote niliyokuwa nayo, aruke. Akaruka. Shina likapita palepale alipokuwa amesimama, likamkuta mguu mmoja tu.

Tulipomwinua nikageuka kuangalia. Mti ulikuwa umelala juu ya kigingi, sawasawa kabisa. Kazi nikapewa mimi, kwa sababu mtu hakati miti kwa mguu mmoja.

Baada ya wiki moja mama yake alikuja kwetu na kuku.

“Shikamoo mama,” nikasema.

“Marahaba mwanangu. Mwenzio anasema usingemwita, leo tungekuwa matangani. Pokea.”

Nilipokea kwa mikono miwili. Alipoondoka, baba, aliyekuwa amelala kwenye mkeka pembeni, aliniuliza, “Alisimama chini?”

“Ndiyo baba.”

“Ulimwona saa ngapi?”

Nikamshika kuku miguu, nikampeleka jikoni kwa mama. Jioni mama akampika yule kuku, akapakua, akampelekea baba sahani yake pale mkekani. Baba akasema hana njaa. Mimi nilikula.