Gemu Niliyoapa Ni Yangu

Nacheka sasa, lakini Idi ile, wallahi, nilitamani ardhi ipasuke initie ndani, na mkiniona nimenyamaza watu wakizungumzia bei za gemu, jueni si adabu, ni aibu.

Nina kibanda cha gemu hapa Msambweni, katika chumba cha Mzee Bakari, na mdomo nilikuwa nao. Mteja hashiki padi mpaka nimhubirie: ati kampuni zinatunyonya, gemu moja bei ya mbuzi, kisha ukiinunua mtandaoni hujanunua kitu, umekodi tu, siku wakitaka wanakunyang'anya, huwezi kuiuza wala kumwazima jirani. "Mali ni ile unayoishika mkononi!" Ukutani nikaandika kwa rangi nyekundu: HAPA TUNACHEZA CHETU. Mzee Bakari, aliyenipa chumba kwa sharti moja tu, kwamba kisiingie kitu cha ujanja ujanja, yale maandishi aliyapenda mno, akawa anawaonyesha wenziwe wakitoka msikitini.

Basi ikatoka gemu mpya ya mpira. Bei ya diski yake, astaghfirullah! Binamu yangu Athumani, anayefanya kazi Maskati, akaniambia, "Mimi nimeinunua mtandaoni, chukua paswadi yangu ucheze, mchana kutwa niko kazini." Nikachukua. (Mhubiri naye ana njaa zake.) Juu ya televisheni nikaweka kasha tupu la gemu ya zamani, liwe ushahidi, kila anayeuliza namwapia diski ni yangu.

Jambo moja sikulifikiri: Idi ni Idi, huku na Maskati (na mwaka ule, kwa bahati yangu mbaya, mwezi tuliuona siku moja).

Nami siku hiyo nimeandaa fainali. Vijana wamejaa na kanzu zao, simu nimeiunganisha na spika kubwa kwa ajili ya kaswida, Mzee Bakari nimempa kiti cha mbele. Mabao ni moja kwa moja, kijana wa Majoreni anakwenda kupiga penalti, gemu ikakatika, yakatokea maandishi: akaunti hii inatumika kwengine.

"Stima hiyo!" nikapiga kelele, na feni inazunguka juu ya kichwa changu. "Basi ni mtandao!" Nikaingia upya, gemu ikarudi, watu wakashangilia, ikatoka tena, nikairudisha, ikatoka. Kumbe kila nikiingia, kule Maskati kuna mtu namtoa, na hasira zinampanda, mwisho akapiga simu, na simu, nimeshasema, iko kwenye spika, nami kwa kiherehere changu nikitaka kuikata nikaipokea.

"We Nassoro! Toka kwenye gemu yangu! Mwaka mzima nimekuazima, leo siku yangu ya mapumziko nami nisicheze? Huna haya?"

Hata waliokuwa msikitini walisikia. Mtu mmoja akasoma ukutani, polepole, "Hapa tunacheza chetu," basi wee, watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na mimi jasho linanitoka ndani ya kanzu mpya.

Mzee Bakari hakucheka. "Mwanangu Nassoro, hii gemu ni ya nani?"

"Ya Athumani, mzee."

"Athumani ameinunua?"

Mdomo ukajibu wenyewe, kwa mazoea: "Hajainunua, mzee. Amekodi tu."

Akatutoa sote nje, akafunga mlango, ufunguo akautia mfukoni. Nitaupata, akasema, nikimletea mali ya kushika mkononi, kama nilivyohubiri. Fainali ikachezwa barazani, drafti ya vizibo vya soda, na mimi nikatolewa raundi ya kwanza.

Kibanda ndiyo riziki yangu, sina kingine. Nikauza ile spika, nikanunua diski, nikampelekea na shikamoo mbili. Akaigeuzageuza, akaridhika, tukaenda akafungua mlango. "Haya, itie."

Nikaitia. Mashine ikaandika.

"Inasemaje?" akauliza.

Ningefanyaje? Nikamsomea: subiri, lazima upakue kwanza kutoka mtandaoni, kisha ukubali masharti ya kampuni.

Akanitoa nje tena, akafunga, ufunguo ukarudi mfukoni. "Wenyewe wakishakupa ruhusa," akasema, "utanikuta msikitini."

Alinihurumia baadaye, nilipoyapaka chokaa yale maandishi kwa mkono wangu, yeye amesimama nyuma yangu ananionyesha palipobaki wekundu. Kuhubiri nimeapa basi. Siku hizi mtu akiingia analalamikia bei ya gemu, mimi namuuliza tu, nyumbani hawajambo?