Bahari ya Mwalimu Ishengoma

Mwalimu Renatus Ishengoma aliiona bahari mara moja tu, alipokwenda kozi Dar es Salaam, na tangu siku hiyo alijidai kana kwamba aliichimba yeye. Alivaa suti ya mitumba iliyomkaa sawasawa, Kiingereza kikamtoka kwa mbwembwe, na shule ya kulipia ya Pasiansi iliyomwajiri kufundisha jiografia ikamwona lulu. Ziwa lilikuwa pale pale chini ya madirisha ya darasa lake. Aliligeuzia mgongo.

"Ziwa ni la wavuvi," aliwaambia kidato cha tatu. "Mtu aliyesoma anazungumzia bahari."

Basi watoto wa Kisukuma na Kikerewe, waliokua wakinusa dagaa, wakakariri maji kupwa na kujaa, matumbawe na mikoko. Asiyekariri alichapwa. Aliyethubutu kutaja ziwa kwenye jibu lake alikatwa maksi zote. Mwaka ule magugu maji yalikuwa yamefunika ufuko hadi mitumbwi haitoki, lakini mwalimu alikwisha kutangaza kwamba mmea unaorundikana ufukoni ni mwani, basi. Kichwa kigumu kama kile ungeweza kuvunjia karanga.

Alichokitaka maishani ni kimoja: kuhamia chuo cha ualimu Butimba, afundishe walimu, aachane na watoto wanaonuka samaki. Nafasi ilipopatikana, akatumwa mkaguzi kuja kumtazama akifundisha. Alikuwa Mama Odeta, mtu mzima asiye na makuu.

"Shikamoo, mama," darasa zima likasimama.

"Marahaba, wanangu. Kaeni."

Ishengoma alikuwa ameandaa beseni la maji ya ziwa. Akamwagia chumvi, akakoroga kwa rula, na bila haya hata kidogo akasema hiyo ndiyo bahari. Akauliza maswali kwa Kiingereza, wanafunzi wakajibu kwa pamoja kama kwaya ya Pasaka. Mama Odeta alisikiliza bila kumkatiza, na mjinga yule akadhani amependezwa. Moyoni alikwisha kuhamia Butimba, anachagua mapazia.

"Sasa twendeni nje," mkaguzi akasema. "Na huko semeni Kiswahili tu."

Ufukoni aliinama, akang'oa mmea mmoja wenye mashina yaliyovimba na ua la zambarau.

"Huu ni mmea gani?"

Wanafunzi wakamtazama mwalimu wao. Kisha Kija, msichana aliyekuwa akiongoza kila mtihani, akanyoosha mkono.

"Ni mwani, mama. Hustawi kwenye maji ya chumvi."

Ishengoma akaanza kuvutavuta koti la suti.

"Na nyumbani kwenu mnauitaje?"

"Magugu maji. Yamemzuia baba kwenda kuvua."

"Sasa jibu sahihi ni lipi?"

Kija akamtazama mwalimu wake kwa adabu. Alimpenda, na hakutaka kumwaibisha mbele ya mgeni.

"Mwani, mama. Hilo la nyumbani halina maksi."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuumiza Ishengoma zaidi. Wote walikuwa wamejibu hivyo hivyo mioyoni mwao.

Mama Odeta akautupa mmea, akafuta mikono kwa leso.

"Wewe baki hapa hapa, mwalimu," alisema kwa upole. "Nikikupeleka ukafundishe walimu, upumbavu huu utafika kila shule."